Zabibu ya Dodoma: tarehe ya kuvuna hupangwa siku ya kupogoa

Ukipita Dodoma mwezi wa nane au wa tisa utakuta zabibu nyeusi zimejaa kwenye mabeseni kando ya barabara. Ukirudi mwezi wa tatu utazikuta tena. Mgeni husema nchi hii imebarikiwa, inavuna mara mbili kwa mwaka. Mkulima wa Hombolo, Mpunguzi, Mbabala au Makutupora ana hesabu nyingine: misimu miwili, na kila msimu kuna wiki mbili au tatu ambazo kila mtu anavuna, kila kiwanda kimejaa, na dalali ndiye anayetaja bei.

Lawama huenda kwenye uchache wa viwanda. Viwanda ni vichache kweli, lakini hata vingeongezwa maradufu, zao linaloingia lote kwa wakati mmoja lingevizidi. Tangi likishajaa mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa yanayochachuka kuwa mvinyo, hukaa limejaa kwa wiki na wiki, kwa kuwa mvinyo hauharakishwi. Zabibu nayo haisubiri. Kwenye kreti, kwenye joto la nyuzi 30, siku ya pili imeanza kuvuja maji, nyuki na vijinzi wamefika, na ikifika siku ya tatu mnunuzi ana haki ya kuikataa.

Jambo ambalo wengi wetu tulichelewa kulitilia maanani ni kwamba tarehe ya kuvuna iko mikononi mwa mkulima. Ulaya mzabibu hupukutisha majani wakati wa baridi, hulala, kisha majira huuamsha, na shamba zima la nchi nzima huiva kwa kufuata majira. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya kuulaza mzabibu haipo. Hapa unaoamsha mche ni mkasi wa kupogolea pamoja na maji. Tangu siku ya kupogoa hadi kuvuna ni kama siku 110 hadi 130, kutegemea aina na joto la msimu. Anayepogoa mwishoni mwa Aprili au Mei atavuna Agosti na Septemba. Anayepogoa Oktoba au Novemba atavuna Februari na Machi. Kwa hiyo kijiji kizima kikipogoa wiki moja, kwa sababu kibarua amefika au jirani ameanza, foleni ya kiwandani imeshapangwa miezi minne kabla.

Dawa yake ni kugawa shamba. Chukua ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kati ya mistari na mita 1.5 kati ya mche na mche: inabeba miche kama 900. Mche uliotunzwa ukitoa kilo 4 kwa msimu, hiyo ni tani 3.6. Tani 3.6 za siku moja ni balaa. Unahitaji makreti zaidi ya 170 ya kilo 20, vibarua wengi na lori la kukodi, na ukikwama umekwama na zao lote. Ukiigawa ekari hiyo mafungu matatu ya miche 300, ukapogoa kila fungu siku 10 hadi 14 baada ya lile lililotangulia, kila mavuno yanakuwa tani 1.2. Hizo kirikuu, gari dogo la mizigo, huzimaliza kwa safari mbili, familia yenyewe inavuna kuanzia alfajiri, na mnunuzi mmoja akishindwa bado una nafasi ya kumtafuta mwingine kabla fungu la pili halijaiva.

Mipaka ipo. Mvua ya Dodoma ni chache, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Maua huchanua kama wiki tano au sita baada ya kupogoa. Ukisogeza kupogoa hadi Desemba, maua yatakutana na mvua nzito ya Januari: yanapukutika, na ubwiri, ugonjwa wa kuvu, unaingia kwenye vishada vikiwa bado vidogo kama punje za mtama. Kwa zao la mvua, basi, fungu la mwisho lisipite katikati ya Novemba. Kwa zao la kiangazi kuna uhuru mkubwa zaidi, ilimradi una maji. Asiye na maji anategemea unyevu uliobaki ardhini, hivyo hana ujanja wa kuchelewa. Wengi wa namna hiyo huishia mavuno mamoja ya maana kwa mwaka.

Kuhusu kupogoa kwenyewe, kosa linaloonekana mashamba mengi ni huruma. Mtu anaacha matawi marefu akidhani ataongeza vishada. Mzabibu hupeleka nguvu kwenye macho ya mwisho wa tawi, ya katikati yanabaki yamelala, na baada ya misimu mitatu una mche mrefu wenye shina tupu na majani kileleni. Bakiza macho mawili hadi manne kwa kila tawi la mwaka, ondoa yaliyokufa na yanayochipua kutoka chini ya shina, na kata kwa mshazari sentimita moja au mbili juu ya jicho. Mkasi upanguswe kwa spiriti ukihama kutoka mche mgonjwa. Maji yapunguzwe wiki mbili tatu kabla ya kupogoa ili mche upumzike, kisha umwagilie kwa wingi mara tu baada ya kukata, macho yachipue pamoja. Yakichipua kwa kupishana, kishada kimoja kitaiva wakati mwenzake bado kijani, na utavuna mchanganyiko ambao hakuna kiwanda kinaupenda.

Mambo mengine ya shambani nayapitia haraka kwa kuwa bwana shamba yeyote wa Dodoma anayajua. Shimo la sentimita 60 kila upande, debe moja au mawili ya samadi iliyoiva, nguzo zilizopakwa oili chafu upande wa chini kwa ajili ya mchwa, waya usiolegea. Salfa ya ubwiriunga ipigwe asubuhi mapema au jioni. Ukiipiga jua kali, joto likipita nyuzi 32 hivi, inaunguza majani. Na isipigwe karibu na kuvuna, kwa sababu salfa iliyobaki kwenye ganda huingia tangini na kuupa mvinyo harufu ya yai viza.

Maji yanahitaji hesabu. Mche uliokomaa wakati wa kiangazi hutaka kama lita 80 hadi 100 kwa wiki kwa umwagiliaji wa matone. Kwa ekari ya miche 900 hiyo ni lita zaidi ya 70,000 kila wiki. Ukitaka kuchimba kisima, anza na namba hiyo, halafu pima chumvi. Maji ya chumvi si kitu kigeni sehemu za Dodoma, Hombolo ikiwemo, na mzabibu hauonyeshi madhara mwaka wa kwanza: kingo za majani zinakauka kidogo, mtu anadhani ni jua. Mwaka wa tatu mavuno yameshuka na udongo umeharibika. Tumeona pia miradi ya mabomba ya matone ikikauka kwa sababu ndogo ya aibu: chujio halikusafishwa. Mchanga unaziba matundu, mstari wa mwisho haupati maji, pampu inazidi kula umeme, na mwisho wake watu wanatoboa bomba kwa misumari. Chujio lifunguliwe na kuoshwa kila wiki, na ncha za mabomba zifunguliwe maji yatoke kwa nguvu angalau mara moja kwa mwezi.

Kinachofuata ndicho kinachoamua bei. Zabibu nyeusi ya Makutupora Red, ambayo ndiyo imejaa mashambani, hubadilika rangi mapema sana. Inakuwa nyeusi kabla haijaiva. Mkulima mwenye haraka ya ada ya shule anaiona nyeusi, anavuna, kiwandani kipimo kinasoma sukari nyuzi 16 au 17, yaani karibu gramu 16 au 17 za sukari katika kila gramu 100 za maji ya zabibu. Kipimo hicho, refraktometa, ni kijidude cha kushika mkononi. Unadondosha matone mawili ya maji ya zabibu kwenye kioo, unatazama mwangani, unasoma namba. Kwa mvinyo mwekundu tafuta 21 hadi 24. Kwa Chenin Blanc, zabibu nyeupe inayolimwa zaidi hapa, 19 hadi 21 inatosha, maana ukiiacha ipande zaidi uchachu wake unapotea na mvinyo unakuwa bapa mdomoni. Hesabu ya haraka: zidisha namba ya sukari kwa 0.55, unapata kilevi kitakachotoka. Zabibu ya 22 hutoa asilimia 12 hivi. Zabibu ya 17 hutoa asilimia 9 na kitu, na mvinyo wa asilimia 9 kwenye joto letu haukai.

Usipime zabibu moja tu ya kishada kilicho juani. Chuma punje 100, kutoka miche tofauti, pande zote mbili za mstari, juu na chini ya kishada, zikamue pamoja, chuja, ndipo upime. Rudia kila siku ya tatu kuanzia wiki mbili kabla ya tarehe uliyokadiria. Mkulima anayekwenda kwa mnunuzi na namba za wiki mbili kwenye daftari hujadiliana kwa namna nyingine kabisa. Amcos, vyama vya ushirika vya kuuza mazao, zinaweza kununua kipimo kimoja kikahudumia wanachama wote, na ninashangaa ni ngapi bado hazina.

Zao la mvua lina shida yake. Mvua ya Machi ikinyesha wiki ya kuvuna, punje zinanyonya maji, sukari inashuka, ganda linapasuka na kuvu inaingia. Ndiyo maana mvinyo mzuri wa Dodoma mara nyingi ni wa kiangazi: punje ndogo, ganda nene, usiku wa baridi wa Juni na Julai unaotunza uchachu. Kama kiwanda kinalipa bei ileile misimu yote miwili, kinamwadhibu mkulima wa kiangazi aliyelipia maji.

Kwa sababu viwanda hujaa, wakulima wengi wameanza kusindika wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa jumla badala ya zabibu mbichi. Ni wazo zuri, na ndipo pesa nyingi inapotea.

Kwanza ukubwa wa vyombo. Tani 3.6 zilizopondwa na kutolewa vikonyo zinajaza kama lita 3,400. Zabibu nyekundu huchachuka pamoja na maganda, na maganda hupanda juu yakifura, kwa hiyo tangi lijazwe robo tatu tu. Unahitaji vyombo vya lita 4,500, na baada ya kukamua utabaki na mvinyo lita 2,300 hivi. Wengi hununua simtanki moja ya lita 5,000 wakiona ni nafuu. Joto ndilo linalowaponza. Kuchachuka huzalisha joto, na kwenye chombo kikubwa joto la katikati halina pa kutokea. Nje nyuzi 28, ndani 36, hamira inakufa njiani na sukari imebaki. Mvinyo uliokwama hivyo, ukiwa na sukari nusu na kilevi kidogo, ndio chakula cha bakteria wa siki. Vyombo vitano vya lita 1,000, vilivyo ndani ya banda lenye ukuta mnene, vyeupe na si vyeusi, vinapoa vizuri zaidi. Ponda zabibu alfajiri zikiwa na ubaridi wa usiku. Joto likikaribia nyuzi 30, tumbukiza madumu ya lita 5 ya maji yaliyogandishwa, yaliyofungwa kabisa na kuoshwa kwa nje, halafu uyabadilishe. Mvinyo mweupe unataka nyuzi 15 hadi 18, na bila mtambo wa kupoza usiujaribu kwa ajili ya biashara.

Mara baada ya kuponda, weka metabisalfaiti ya potasiamu, dawa ya kuzuia bakteria na kuharibika, gramu 5 hadi 9 kwa kila lita 100, kiasi kikubwa kikiwa kwa zabibu zilizooza kidogo. Subiri nusu siku. Hamira iwe ya mvinyo, gramu 20 hadi 25 kwa lita 100. Hamira ya mandazi hufanya kazi mpaka kiasi fulani cha kilevi kisha inachoka, na harufu ya unga inabaki. Iamshe kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 38, mara kumi ya uzito wake, kwa dakika 15 au 20. Usiirushe moja kwa moja kwenye mchuzi wa baridi. Maganda yashindiliwe chini mara tatu kwa siku, na usiku isipite bila kushindilia, kwa sababu ganda kavu lililo juu ndipo siki inapoanzia. Pima sukari kila siku na andika, safari hii kwa haidromita, kipimo kinachoelea, maana refraktometa hudanganywa na kilevi. Ikishuka karibu na sifuri, siku ya sita hadi ya kumi, kamua.

Baada ya kukamua adui anabadilika, anakuwa hewa. Chombo kijazwe mpaka shingoni. Tangi la lita 1,000 lenye mvinyo lita 600 litakuwa siki kabla mnunuzi hajapatikana, hata likifunikwa namna gani. Weka akiba ya madumu ya lita 20 na ya lita 5 kwa ajili ya mabaki. Hamisha mvinyo kuacha tope la chini baada ya wiki mbili au tatu, ongeza tena metabisalfaiti gramu 5 kwa lita 100, na onja kila wiki.

Soko la ndani linapenda utamu. Hakuna ubaya, ila sukari ikiongezwa kwenye mvinyo ambao hamira yake haijaondolewa, kazi inaanza upya ndani ya chupa. Vizibo vinaruka dukani, au chupa inapasuka kabatini kwa mteja. Chuja vizuri kwanza, kisha weka sobeti ya potasiamu gramu 20 kwa lita 100 pamoja na metabisalfaiti, ndipo utie sukari. Sobeti peke yake haiui hamira iliyo hai, inazuia tu isizaliane.

Sekta yenyewe ina historia inayoeleza hali ya leo. Mzabibu uliletwa na wamisionari Wakatoliki, Bihawana ikiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo, kwa ajili ya divai ya misa. Serikali ikaja na kampuni yake ya mvinyo, DOWICO, ambayo baadaye ilikufa, na wakulima wengi waling'oa miche kipindi hicho. Wawekezaji binafsi walifuata: CETAWICO pale Hombolo, Alko Vintages mjini, na Tanzania Distilleries, watengenezaji wa Konyagi, wenye mvinyo wa jina la Dodoma. Kituo cha utafiti cha Makutupora, sasa chini ya TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, ndicho kinachotunza na kusambaza miche. Kila mara soko lilipotetereka mashamba yalipungua, na mzabibu mpya huchukua miaka miwili hadi mitatu kuanza kulipa, kwa hiyo bei ikipanda ghafla hakuna zabibu ya kuifuata.

Kodi imesaidia. Kwa miaka mingi mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani umetozwa ushuru wa bidhaa wa karibu shilingi 200 kwa lita, huku unaotegemea zabibu za nje ukitozwa zaidi ya shilingi 2,000. Bila tofauti hiyo kiwanda kingeagiza mchuzi mzito kutoka nje na kuuongeza maji. Msindikaji mdogo hata hivyo hukutana na mengine: alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, stempu za kielektroniki za TRA, mamlaka ya mapato, ambazo mvinyo uliingizwa tangu 2019, chupa, kizibo, lebo. Kwa chupa ya mililita 750 inayouzwa bei ya chini, kifungashio kinaweza kuzidi thamani ya mvinyo ulio ndani. Ndiyo maana naona ushirika wenye vyombo vya pamoja na chapa moja una nafasi, na wasindikaji ishirini wa mtaa mmoja, kila mmoja na lebo yake, hawana.

Ardhi nayo imegeuka. Tangu serikali ihamie na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, shamba la zabibu la Veyula au Mpunguzi lina thamani kubwa kama viwanja kuliko kama shamba. Mpango wa BBT, wa serikali wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo, ulioanza 2023 umefungua mashamba makubwa kama Chinangali kwa vijana. Ni hatua nzuri, ilimradi matangi yaongezwe sambamba na miche. Vinginevyo foleni ya Septemba itakuwa ndefu zaidi.

Ukishapanga mafungu yako, nenda kwa mnunuzi kabla ya kukata tawi la kwanza. Makubaliano yaandikwe: fungu gani litavunwa wiki gani, sukari ya chini inayokubalika na nyongeza ya bei kwa kila nyuzi juu yake, kipimo kifanyike shambani mbele ya wote wawili, na uzito wa kreti tupu utolewe kwa kupima kreti kumi, si kwa kukisia. Kreti la plastiki lina kilo moja na nusu hadi mbili. Likikatwa kilo tatu kwenye makreti 170 umetoa bure kati ya kilo 170 na 255. Andikeni pia nani anabeba hasara gari la kiwanda likichelewa zaidi ya saa 24 baada ya kuvuna. Malipo, nusu yapokelewe siku ya mzani. Iliyobaki iwe ndani ya siku 30, yaani kabla ya kununua salfa na mbolea za kupogoa kunakofuata.